Kiraka kitakoni mwa birika: kusoma mihuri ya zama za Paul de Lamerie

Nikiletewa birika la fedha la Kiingereza la karne ya 18 nilikague, kwanza hulipindua na kukipulizia pumzi kitako chake. Ukungu wa pumzi hutanda na kutoweka, lakini palipopita lehemu mstari huonekana kwa nukta chache, kwa kuwa lehemu si fedha ya aina moja na ile inayoizunguka. Mstari ukiwa umeizingira pande zote mihuri, yaani alama ndogo zinazopigwa kwenye fedha iliyokaguliwa usafi wake, basi mihuri hiyo ilizaliwa kwenye chombo kingine.

Wanunuzi wengi hudhani huo ni ujanja wa matapeli wa leo. Sivyo daima. Paul de Lamerie, ambaye kwa maoni yangu hakuna sonara wa London aliyemzidi katika zama zake, ana vyombo vyenye viraka vya namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1688 huko 's-Hertogenbosch, Uholanzi, kwa wazazi Waprotestanti waliotoka Ufaransa, akalelewa London, akajifunza kazi kwa Pierre Platel tangu 1703, na mwaka 1713 akasajili alama yake: herufi LA, juu yake taji na nyota. Haikuwa PL kwa sababu sheria ya 1697 ilitaka herufi mbili za mwanzo za jina la ukoo. Sheria hiyohiyo ilipandisha fedha safi ya vyombo kutoka sehemu 925 hadi 958 katika 1000, ili watu waache kuyeyusha sarafu na kufulia masinia.

Mwaka 1720 kiwango cha 925 kilirudishwa, pamoja na muhuri wake wa simba anayetembea, lakini kikaja na ushuru wa peni 6 kwa kila wakia. Sinia la wakia 200 likawa linadaiwa pauni 5 nzima, maana pauni ya wakati huo ilikuwa na peni 240. Baadhi ya masonara wakapeleka kichombo chepesi kikaguliwe, wakalipa peni chache, kisha wakakata kile kipande chenye mihuri na kukilehemu kwenye chombo kizito ambacho mkaguzi hakukiona kamwe. Chama cha Masonara cha London, ambacho ndicho kilichokagua na kupiga mihuri, kiliwahi kumtoza Lamerie faini kwa kutopeleka kazi zake kupigwa mihuri. Chama hichohicho mwaka 1741 kikamwagiza birika na sinia lake la kunawia, navyo ni miongoni mwa kazi zake bora kabisa.

Kwa hiyo kiraka cha enzi hiyo hakinitishi. Umbo na michoro huniambia zaidi kuliko mihuri, na mara nyingi fedha yenyewe ni nzuri. Hata hivyo ushuru huo wa uzito ulifutwa mwaka 1758, mahali pake pakawekwa leseni, na haukurudi hadi 1784. Birika lenye kiraka ambacho herufi yake ya mwaka, yaani muhuri unaoonyesha mwaka wa ukaguzi, ni ya 1775 halina ushuru wa kukwepa, nami hulirudisha kwa mwenyewe siku hiyohiyo.