Kupenda Mashine ya Zamani Si Kukataa Programu Mpya

Wengi huamini kwamba anayethamini teknolojia ya zamani ni adui wa mabadiliko, na kwamba kifaa cha kale hudumu kwa kuachwa kama kilivyotoka kiwandani. Si kweli.

Chukua Voyager 1, chombo cha Marekani kilichorushwa angani mwaka 1977. Kumbukumbu ya kompyuta zake ni ndogo mno. Picha moja ya simu ya leo haiwezi kuenea humo. Novemba 2023 kilianza kutuma data isiyosomeka. Wahandisi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, waligundua kuwa chipu moja ya kumbukumbu imeharibika, na fundi hawezi kuifikia: ilikuwa zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka duniani, na agizo lilichukua zaidi ya saa 22 kufika. Basi waliigawa programu iliyokuwa kwenye chipu ile vipande vipande, wakavipachika kwenye nafasi nyingine za kumbukumbu, kisha wakarekebisha maelekezo ili vipande viendelee kufanya kazi pamoja. Aprili 2024 data ikaanza kusomeka tena. Kwangu mimi, hiyo ndiyo heshima kubwa zaidi unayoweza kuipa mashine ya kale.

Kompyuta za nyumbani nazo ni vivyo hivyo. Windows 10, mfumo wa Microsoft wa kuendesha kompyuta, ulipofikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida Oktoba 2025, wapo waliozihesabu kompyuta ambazo bado ni nzima kuwa taka. Nyingi zinaweza kuendeshwa na Linux ya kisasa, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, bila kubadilishwa hata skrubu moja.