Uvivu huo si wa jembe

Jumamosi iliyopita, kwenye jumuiya moja huku Uyole, nimeusikia tena ule utani wa uvivu. Tulikuwa tunapitia vilema saba, yaani zile tabia mbaya zinazozaa dhambi nyingine. Tulipofika kwenye uvivu mzee mmoja akacheka: "Hapo turuke, Padre. Huo ni wa vijana wa kubeti. Sisi saa kumi na moja alfajiri tuko kwenye viazi." Wakampigia makofi. Zamani ningetabasamu tu.

Kilema si tendo, ni mazoea yaliyoota mizizi, hilo mnalijua. Majivuno, uchoyo, wivu na wenzao wanajieleza. Kinachonikera ni hili neno "uvivu". Kilema chenyewe Wagiriki walikiita akedia, na aliyeichambua mpaka utumbo ni Evagrius, mmonaki (mtawa) wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399. Anasema pepo huyu humvamia mmonaki kuanzia saa nne mpaka saa nane. (Ndiyo, saa zetu hizi hizi. Mzungu ndiye anayelazimika kuhesabu upya.) Jua linaonekana kama limegoma kutembea. Mmonaki anachungulia nje, anapima kama saa tisa bado iko mbali, anakichukia chumba chake, anaona ndugu zake hawana upendo, anaanza kuwaza mahali pengine ambako mambo yangekuwa rahisi. Jembe liko wapi hapo?

Tena Evagrius huyo huyo anasema mwenye akedia huwa mwepesi kwenda kutazama wagonjwa, kumbe anajitafutia njia ya kutoka. Namfahamu huyo mtu. Yuko kamati ya ujenzi, kamati ya harusi, kwaya, hakosi msiba. Umkalishe dakika kumi peke yake mbele ya Mungu, anapapasa simu.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliiita huzuni juu ya mema ya Mungu. Kinyume chake basi ni furaha ya mapendo, wala si kudamka. Mimi ningesema ni kukinai: chakula kiko mezani, kizuri, na moyo unakikataa.

Haki ya mzee nayo ipo. Yohane Kasiano, aliyeyapeleka mafundisho hayo ya Evagrius kwa Walatini, yaani Wakristo wa Magharibi, alisisitiza kazi za mikono kama dawa. Dawa, lakini, si cheti cha kupona.

Kinachonisumbua zaidi ni sonona. Akedia inaishia wapi na ugonjwa unaanzia wapi? Thomas anasema hisia tu haitoshi, lazima akili iridhie. Sawa, lakini mimi ridhaa ya mtu naipimaje? Kuna mama aliyefiwa na mumewe, akaniambia hawezi tena kusali. Nikamwambia akaze rozari. Alikuwa mgonjwa, na aliyeliona hilo ni nesi. Mimi sikuliona.

Tulipokuwa tunatawanyika yule mzee akanivuta pembeni. "Padre, kutazama saa wakati wa mahubiri yako, nayo ni akedia?"

Nikamwambia inategemea mahubiri.