Filamu fupi na matamasha: tunayodanganyana vijiweni

Saa tano usiku kijana anabisha hodi chumbani kwangu Sinza, Dar es Salaam, kompyuta mpakato kwapani, jasho linamtiririka. "Kaka, wanafunga saa sita!" Namuuliza: saa sita ya wapi? Tamasha lenyewe, alilotaka kulipelekea filamu yake fupi, lilikuwa Los Angeles, ambako saa ziko nyuma yetu kwa 10 au 11 kutegemea msimu. Saa sita usiku yao ni asubuhi yetu, jua limeshawaka. Nikamwambia kaa chini, kunywa maji. Ila lingekuwa la Tokyo, lingefungwa saa kumi na mbili jioni, yeye akiwa bado kwenye foleni ya Ubungo.

Tuliitazama filamu yake huku bando likipandisha faili taratibu. Ndipo nikazisikia porojo zote za vijiweni, moja baada ya nyingine.

"Wimbo sio tatizo, ni sekunde ishirini tu." Hii imeua filamu nyingi kuliko kamera mbovu. Hakuna sheria inayokupa sekunde za bure za kupamba filamu yako. Wimbo mmoja una haki mbili: ya aliyeutunga na ya mwenye rekodi, na ruhusa inatakiwa kote, kwa maandishi. Kusajili filamu yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hakukupi wimbo wa mtu mwingine. Na fomu ya tamasha utaitia saini wewe, ukikiri kwamba haki zote unazo. Kamtafute prodyuza wa mtaani akupigie kinanda, muandikiane karatasi.

"Kiswahili hakiendi mbele." Kinaenda. Kinachokwama ni tafsiri ya maandishi chini ya skrini, ambayo matamasha mengi ya nje yanaidai kwa Kiingereza. Kwenye filamu ya huyu kijana, mama anamwambia mumewe ana mkono wa birika. Tafsiri, iliyofanywa na programu, ikazungumzia birika la chai. Mchujaji wa ng'ambo angebaki anaitafuta hiyo birika mezani! Tukaandika tu kwamba mume ni bahili. Utani umepungua, maana imebaki.

"Bila kamera ya maana usijisumbue." Mwaka 2015 Sundance, tamasha kubwa la filamu la Marekani, ilionyesha filamu ndefu iliyopigwa kwa iPhone 5s. Sauti, hiyo ndiyo haisamehewi. Ukipiga maongezi kando ya barabara ya Shekilango, honi za daladala zitakula sentensi nzima, na hakuna mhariri wa kuzirudisha.

Urefu nao. Watu wanashika dakika 40 kwa sababu tuzo za Oscar kwa filamu fupi zinaishia hapo. Tamasha la Cannes, Ufaransa, linataka zisizidi 15, la Berlinale, Ujerumani, 30, na majina yanayopita mwishoni mwa filamu yanahesabiwa. Dakika tatu za kuwashukuru wajomba zinaweza kukutoa nje.

"Nimelipa ada, wataniweka." Ada inalipia kupokelewa na kutazamwa, basi. Kwa mwaka 2024 Sundance ilipokea filamu fupi zaidi ya 12,000 na kuchagua 53. Piga hesabu kabla ya kuimaliza salio ya simu. Mimi ningeanza na matamasha yasiyotoza, kisha machache yanayopenda aina ya hadithi yako.

Na kuiweka YouTube kwanza "ipate jina"? Inategemea. Sundance haina shida na hilo kwa filamu fupi, lakini yapo matamasha yanayotaka yawe ya kwanza kuionyesha. Soma kanuni, kisha ndiyo uwarushie washkaji linki.

Saa nane usiku faili lilifika. Kijana akawa anafunga kompyuta, nikamwomba afungue linki ya filamu kwenye simu yangu, kama mgeni. Ikadai paswedi. Kwenye fomu alikuwa ameandika ya zamani.