Kwa nini sonona haina kipimo cha damu?

Kisukari hutambuliwa kwa tone la damu, na virusi vya UKIMWI vivyo hivyo. Anayeshukiwa kuwa na sonona, yeye huulizwa maswali: usingizi ukoje, chakula kinapita, bado unafurahia mambo uliyoyapenda, umewahi kuwaza kujidhuru? Damu ikichukuliwa, mara nyingi ni ya kuondoa shaka nyingine, kama tezi ya shingo isiyotoa homoni ya kutosha, au upungufu wa damu, maana hayo nayo humchosha mtu na kumnyima raha. Kipimo cha sonona yenyewe hakipo, ingawa kimetafutwa kwa miongo mingi.

Kuna kimoja kilichoonekana kimepatikana. Mwaka 1981 Bernard Carroll na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio hili: usiku mgonjwa anameza miligramu 1 ya deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, homoni inayoongezeka mtu anapokuwa na msongo. Kwa kawaida ubongo ukiihisi dawa hiyo huchukulia kwamba kotisoli imetosha, na tezi zilizo juu ya figo hupunguza kuitoa. Kesho yake damu inapimwa jioni na tena usiku. Kwa wengi wenye sonona kali, ile iitwayo melankolia, kotisoli ilikutwa bado iko juu. Jaribio liliwanasa takriban asilimia 67 ya wagonjwa wa aina hiyo, na ni mara chache sana lilimpa jibu hilo mtu asiye na melankolia.

Hospitali zikalipokea kwa hamu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Majibu yaleyale yalianza kuonekana kwa wazee waliopoteza kumbukumbu, kwa walioacha pombe karibuni, hata kwa waliokonda ghafla. Wakati huohuo, wagonjwa wengi wa sonona isiyo ya melankolia walipimwa wakaonekana hawana tatizo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 jaribio lilikuwa limepoteza nafasi yake kama kipimo cha kumtambua mgonjwa.

Kati ya vitu vilivyoshukiwa, serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, ndiyo maarufu zaidi, lakini hoja yake ilianzia mwisho, yaani kwenye dawa. Katika miaka ya 1950 madaktari waliona kwamba iproniazidi, dawa ya kifua kikuu, iliwachangamsha wagonjwa. Ilipojulikana kwamba inaongeza kemikali fulani za ubongo, ikiwemo serotonini, wengine walihitimisha kuwa sonona ni upungufu wa kemikali hizo. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walipitia tafiti zilizokusanyika na hawakuona ushahidi thabiti wa upungufu huo wa serotonini. (Hilo halimaanishi kwamba dawa hazisaidii. Hayo ni maswali mawili tofauti, na watu huyachanganya kila siku.)

Picha za ubongo nazo? Kwa wastani hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, ni ndogo kidogo kwa wenye sonona. Tatizo ni hilo neno wastani. Uchambuzi wa Ujerumani wa mwaka 2022, uliohusisha watu takriban 1,800, ulikuta vipimo vya ubongo vya wagonjwa na vya wasio wagonjwa vinaingiliana kwa kati ya asilimia 87 na 95. Ukipewa picha moja ya mtu mmoja, huwezi kusema yuko upande gani.

Kwa maoni yangu kosa haliko kwenye mashine. Tazama ugonjwa wenyewe unavyotambuliwa. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili unaorodhesha dalili 9 za sonona. Ukiwa nazo 5 au zaidi kwa wiki mbili, na mojawapo ikiwa huzuni au kukosa raha, una sonona. Piga hesabu na utapata njia 227 za kutimiza sharti hilo. Watu wawili wanaweza kupewa jina moja la ugonjwa huku wakifanana dalili moja tu. Hata dalili ileile ina sura zinazopingana. Mmoja hapati usingizi, amekonda, hatulii kitini. Mwingine analala mchana kutwa, amenenepa, anajikokota. Kuwatafutia hao alama moja ndani ya damu ni kama kutafuta kijidudu kimoja cha homa.

Na kuna mtego mwingine. Kila kipimo kipya hukaguliwa kwa kulinganishwa na yale yale maswali ya daktari. Damu ikitofautiana na maswali, kinachohesabiwa kuwa kimekosea ni damu.

Ndiyo maana watafiti wengi sasa wameacha kuuliza kama mtu ana sonona, wanauliza ni dawa ipi itakayomfaa. Takriban robo ya wagonjwa wana kiwango cha juu cha CRP, protini ambayo ini hutoa kinga ya mwili inapokuwa imeamka. Mwaka 2013 Charles Raison na wenzake waliwapa watu 60 ama infliksimabu, dawa ya kutuliza kinga itumikayo kwa ugonjwa wa baridi yabisi, ama dripu isiyo na dawa. Kwa jumla makundi yalitoka sare. Lakini waliokuwa na CRP zaidi ya miligramu 5 kwa lita walielekea kupata nafuu zaidi kwa dawa, na wenye CRP ya chini walifanya vizuri zaidi bila hiyo dawa. Watu 60 ni wachache mno kutegemewa, na CRP hupandishwa pia na unene, sigara, hata jino bovu. Kwa hiyo majaribio kadhaa yaliyofuata yalibadili utaratibu: CRP hupimwa kwanza, na asiye nayo juu hasajiliwi.