Gari Lako Linajua Unakolala

Desemba 2024, jarida la Der Spiegel la Ujerumani lilieleza jinsi taarifa za magari ya umeme yapatayo 800,000 ya kundi la Volkswagen zilivyokaa wazi mtandaoni kwa miezi kadhaa. Kwa magari takriban 460,000, aliyejua pa kuchungulia angeona gari lilizimwa wapi, na lini. Gari likizimwa mahali pamoja kila usiku, umeshajua mwenyewe anaishi wapi. Likizimwa nje ya kliniki fulani kila Jumanne, umejua jambo ambalo pengine hajamwambia hata mkewe.

Na kufuta jina hakusaidii sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliochambua mienendo ya simu za watu milioni 1.5, ulionyesha kuwa kujua sehemu nne tu alizokuwepo mtu, na saa zake, kunatosha kumtofautisha na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao.

Marekani kosa lilikuwa la biashara. Januari 2025 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, iliituhumu General Motors kwa kurekodi mahali gari lilipo, wakati mwingine kila baada ya sekunde 3, pamoja na mwendo kasi na breki za ghafla, kisha kuuza taarifa hizo bila ridhaa ya kweli ya madereva. Kampuni za bima zilizitumia kupanga viwango vya malipo.

Najua utasema gari lako ni la mtumba kutoka Japani, la zamani, halina intaneti. Sawa. Lakini je, halina GPS? Magari na bodaboda nyingi za mkopo hufungwa kifaa hicho: kidogo, kimefichwa nyuma ya dashibodi, ndani kina laini ya simu, kinatuma mahali ulipo kwenye seva usiyoijua. Mwenye neno la siri anaona safari zako za leo na za miezi iliyopita. Vifaa vingi hutoka kiwandani na neno la siri 123456, na fundi akishafunga nyaya, mara nyingi hakuna anayelibadilisha. Sipingi GPS, inasaidia kupata pikipiki iliyoibwa. Linalonikera ni mtu aliyemaliza deni lake lote kuendelea kufuatiliwa kwa sababu hakuna aliyekuja kukitoa kifaa. Kabla ya kusaini, uliza nani anaziona taarifa, zinahifadhiwa muda gani, na kifaa kitatolewa lini. Jibu liandikwe kwenye mkataba.

Tazama pia redio. Kwenye gari la kukodi, fungua orodha ya Bluetooth: utakuta majina ya simu za waliokutangulia, na kwenye baadhi ya redio daftari zima la namba zao. Kabla ya kurudisha au kuuza gari, futa simu yako kwenye orodha hiyo, na anwani ya "Nyumbani" kwenye ramani.

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinakupa haki ya kujua taarifa gani zako zinashikiliwa. Andika barua au barua pepe kwa mkopeshaji, bakiza nakala yenye tarehe. Akikaa kimya, peleka nakala hiyo pamoja na malalamiko yako kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, au kwa Kamishna wa Data kama uko Kenya.