Simu Yako Ni Nzima, Ila Mfumo Wake Umeachwa Njiani

Mama mmoja alituletea simu yake kwenye dawati la TEHAMA chuoni kwetu akiwa na hakika kwamba mjukuu wake ameiharibu. Kioo kilikuwa kizima na betri ilikaa na chaji siku nzima. Tatizo lake lilikuwa tovuti alizozoea kufungua, ambazo zilianza kumwambia kwamba muunganisho si salama. Baadaye WhatsApp nayo ikagoma kabisa. Fundi alishamtoza hela ya kuiflashi, simu ikarudi vilevile.

Tulipofungua mipangilio tulikuta Android 4.4, toleo la mwaka 2013 la mfumo wa Google unaoendesha simu. Fundi alikuwa ameisafisha simu na kuirudishia mfumo uleule wa zamani, kwa sababu kampuni iliyoiunda haikuwahi kuitengenezea mwingine. Mjukuu hakuwa na kosa lolote, na mama alifurahi kulisikia hilo kuliko yote tuliyomweleza siku ile.

Swali tunaloulizwa kila mara ni hili: ikiwa Google hutoa Android mpya kila mwaka, kwa nini simu yangu haiipati? Sababu ni kwamba toleo jipya hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mwenye simu. Mtengenezaji wa chipu, yaani ubongo wa simu, kama Qualcomm, MediaTek au Unisoc, lazima aandae programu za kuifanya chipu yake ielewane na toleo hilo. Kisha kampuni ya simu huongeza vitu vyake, hulijaribu kwa kila modeli, ndipo hulisambaza. Kwingine hata kampuni ya mtandao hutaka kulikagua kwanza. Mmoja wao akiona modeli fulani hailipi tena, sasisho linaishia hapo. Ndiyo maana simu mbili zilizonunuliwa siku moja, kwenye duka moja, zinaweza kuwa na Android tofauti baada ya miaka miwili. Apple huunda simu na mfumo wake yenyewe, kwa hiyo njia yake ni fupi: iPhone 5s ya mwaka 2013 ilipata marekebisho ya usalama hadi Januari 2023.

Sasa turudi kwenye zile tovuti za mama, kwani hapo ndipo watu wengi hudhani mtandao ndio mbovu. Kila tovuti salama huonyesha cheti kinachothibitisha kwamba ni yenyewe. Simu hukiamini cheti hicho ikiwa kimetokana na mojawapo ya vyeti mama ambavyo simu ilitoka navyo kiwandani. Vyeti mama navyo huisha muda wake, na vipya huja pamoja na masasisho ya mfumo. Let's Encrypt ni shirika linalotoa vyeti vya bure kwa mamilioni ya tovuti. Novemba 2020 lilitangaza kwamba simu zenye Android ya chini ya 7.1.1 hazikitambui cheti mama chake kipya, na kwa hesabu za wakati ule simu hizo zilikuwa asilimia 33.8 ya simu zote za Android. Simu moja kati ya tatu! Nyingi hazikuwa kuukuu hata kidogo, maana Android 7.1.1 ilitoka Desemba 2016, na mwaka uliofuata bado watu walikuwa wakinunua simu mpya zenye Android 6 ndani ya boksi.

Njia ya muda ilipatikana, yaani cheti cha dharura ambacho simu hizo zilikiamini, zikaongezewa miaka mitatu. Cheti hicho nacho kikaisha tarehe 30 Septemba 2024. Kuanzia Android 14, vyeti mama vinaweza kusasishwa kupitia Google yenyewe bila kumngoja mtengenezaji wa simu. Ni hatua nzuri, ila kwa mwenye Android 6 haibadilishi chochote.

Kabla hujahukumu simu yako, angalia kwanza tarehe na saa. Simu iliyozimika muda mrefu ikaamka na tarehe ya miaka ya nyuma huleta onyo hilohilo la usalama, na tiba yake ni kurekebisha tarehe tu.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni ruhusa. Kabla ya Android 6 ya mwaka 2015, ulipopakua programu ulikubali kila ilichoomba kwa mkupuo mmoja, au uliiacha. Hukuweza kusema: kamera chukua, majina ya kwenye simu acha. Hapa kwetu tunajua maana yake. Watu wamekopa fedha kidogo kupitia programu za mikopo, kisha ndugu, wakwe na waajiri wao wakatumiwa ujumbe wa kuwafedhehesha. Aliye na simu ya zamani hana hata kitufe cha kukataa.

Mipaka mingine ni ya chuma chenyewe, yaani vifaa vilivyomo ndani ya simu. Simu isiyo na NFC, kile kifaa cha kulipia kwa kuigusisha simu, haitaipata kwa sasisho lolote, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 1 haitakuwa GB 4. Anayekuahidi kuiongeza kwa programu anakuibia.

Basi fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Tazama vitu viwili: toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Mimi huitazama tarehe zaidi ya toleo. Simu ya Android 11 iliyosasishwa mara ya mwisho mwaka 2021 ina matundu ya usalama ambayo wezi wa mtandaoni wameyasoma kwa miaka. Kwenye simu ya namna hiyo ondoa programu ya benki, na usiiwekee nywila ya barua pepe unayoitegemea. Ikikataa WhatsApp, usikimbilie GB WhatsApp, ile WhatsApp isiyo rasmi, wala faili la APK (la kuwekea programu) ulilotumiwa kwenye kundi. Hapo unampa mtu usiyemjua mazungumzo yako yote.

Unaponunua, washa simu mbele ya muuzaji uitazame tarehe hiyo kabla ya kutoa fedha, kisha uliza itasasishwa hadi lini. Samsung waliahidi miaka saba kwa Galaxy S24, na Umoja wa Ulaya tangu 20 Juni 2025 unazitaka kampuni zitoe masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa. Simu za bei nafuu zinazojaa Kariakoo, Dar es Salaam, na River Road, Nairobi, mara nyingi hazina ahadi yoyote kwenye boksi. Naamini mamlaka zetu zinapaswa kudai mwaka wa mwisho wa masasisho uandikwe juu ya boksi, kama tunavyodai tarehe ya mwisho kwenye pakiti ya maziwa.

Mama yule hakuwa na fedha ya simu nyingine, nasi hatukumshinikiza. Tulihamisha picha zake, tukaiondoa akaunti yake ya barua pepe kwenye simu hiyo, tukamwachia redio, kamera na kupiga simu za kawaida. Fedha anatuma kwa *150*00#, menyu ya M-Pesa isiyojali Android ya mwaka gani.