Unashukia Heathrow, unarukia Gatwick: soma tiketi kabla ya kulipa

Kila inapokaribia Desemba, dawati letu la malalamiko ya abiria hupokea barua za aina moja, na mwaka huu zimeanza mapema. Msafiri amekata tiketi mbili mtandaoni: ya kwanza kutoka Dar es Salaam hadi London kupitia Ghuba, ya pili kutoka London kwenda Malaga au Barcelona. Tarehe zinaafikiana, saa zinaonekana kutosha, bei imempendeza. Siku ya safari, kwenye kaunta ya Uwanja wa Julius Nyerere, anaambiwa hasafiri. Barua yake kwetu huanza kwa maneno haya: shirika limeninyanyasa.

Mara nyingi hakuna aliyemnyanyasa. Ndege ya kwanza ilikuwa inatua Heathrow, ya pili inaruka Gatwick, na katikati ya viwanja hivyo kuna mpaka wa Uingereza ambao yeye hakuwa na ruhusa ya kuuvuka.

Makala hii ni sehemu ya elimu tunayoitoa kabla ya likizo za mwisho wa mwaka. London haina kiwanja kimoja. LON unayoiona unapotafuta tiketi ni herufi za mji. Chini yake kuna LHR ya Heathrow, LGW ya Gatwick, STN ya Stansted, LTN ya Luton, na LCY, kiwanja kidogo kilicho ndani ya jiji lenyewe. Paris ni PAR, lakini ndege yako itatua CDG au ORY. Istanbul ina IST upande wa Ulaya na SAW upande wa Asia, na mlango wa bahari wa Bosphorus umepita katikati. Nairobi inawachanganya hata mawakala, kwa kuwa NBO ni herufi za mji na pia ni herufi za Jomo Kenyatta. Wilson ni WIL. Herufi hizo tatu zimeandikwa kwenye kila tiketi, na hakuna sababu ya mtu kulipa kabla hajazisoma.

Abiria hunijibu kwamba mji ni mmoja, kwa hiyo safari ni moja. Hapana. Ukishuka Heathrow ukapanda ndege nyingine hapohapo bila kupita uhamiaji, wewe ni mpitaji. Ukitoka mlangoni kufuata basi la Gatwick, umeingia Uingereza, hata kama utakaa humo saa tatu tu na hukununua hata chupa ya maji.

Sisi wenye pasipoti za Tanzania, pamoja na wenzetu wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, tumo katika orodha ya wanaotakiwa kuwa na viza hata ya kubaki ndani ya kiwanja cha Uingereza. Viza hiyo mwisho wake ni mlango wa kiwanja. Kuvuka kwenda kiwanja kingine kunataka viza ya mgeni anayepita, ambayo humpa mtu muda usiozidi saa 48. Nimeona watu wameomba ile ya ndani kwa sababu ada yake ni ndogo, halafu wakategemea afisa wa mpakani aigeuze. Haigeuzwi dirishani.

Upo msamaha kwa baadhi ya wasafiri. Mwenye viza halali ya Marekani, Kanada, Australia au New Zealand anaweza kuruhusiwa kupita bila viza ya Uingereza, ikiwa anafika na kuondoka kwa ndege, tiketi ya kuondoka imethibitishwa, ana hati za kuingia anakokwenda, na anaondoka kabla ya usiku wa manane wa siku inayofuata ile aliyofika. Naomba neno «anaweza» lisomwe kama lilivyo. Uamuzi ni wa afisa wa mpakani, na msamaha wenyewe una masharti madogo madogo yanayobadilika. Ofisi yetu haina mamlaka ya kutafsiri sheria ya uhamiaji ya nchi nyingine, kwa hiyo mwenye kutegemea msamaha huu athibitishe kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza au kwa shirika atakalosafiri nalo, na ayapate majibu kwa maandishi.

Viza ya matembezi ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, haimo katika msamaha huo. Nalisema hili kila mwaka, na kila mwaka naletewa nakala ya viza ya Hispania kama kielelezo kwamba abiria alikuwa na haki ya kupita London. Uingereza haijawahi kuwa ndani ya Schengen, hata ilipokuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya.

Kwa ndugu zetu wa Muscat wenye pasipoti ya Oman utaratibu ni mwingine: wao wanahitaji kibali cha kielektroniki cha kusafiri ambacho Uingereza ilianza kukidai kwao mwaka 2024, na kubadili kiwanja ndani ya London ni miongoni mwa safari zinazokihitaji. Wasomaji wetu wa Goma na Lubumbashi waiangalie zaidi Paris. Mwenye pasipoti ya Kongo huhitaji viza ya aina A hata ya kukaa kwenye eneo la wapitaji, na viza hiyo haimruhusu kutoka Charles de Gaulle kwenda Orly. Safari hiyo inataka aina C, kama ya mgeni yeyote anayeingia Schengen. Treni ya metro namba 14, iliyofika Orly Juni 2024, imerahisisha njia kwa anayeruhusiwa kuingia Ufaransa. Asiyeruhusiwa haimsaidii kitu.

Sasa nieleze kwa nini binti wa kaunta Dar es Salaam ndiye anayekuzuia, wakati mpaka uko mbali kiasi hicho. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1999 inalitoza shirika pauni 2,000 kwa kila abiria linayemfikisha bila hati zinazotakiwa. Umoja wa Ulaya una agizo lake la mwaka 2001, linalozitaka nchi wanachama ziweke faini ambayo kiwango chake cha juu hakipungui euro 5,000 kwa kila abiria, au kiwango chake cha chini hakipungui euro 3,000. Juu ya faini, shirika lina wajibu wa kumrudisha abiria huyo lilikomtoa. Kwa hiyo mfanyakazi wa kaunta anafanya kazi ambayo asipoifanya mwajiri wake atalipa. Msimkaripie sana. Hata meneja wake akija, kompyuta itatoa jibu lilelile, kwa sababu inasoma uraia, viza na njia ya safari, na njia inasema LHR halafu LGW.

Mizigo ndiyo inayofuata kwa wingi wa barua. Unapobadili kiwanja, begi halikufuati lenyewe. Utapita uhamiaji, utalichukua kwenye mkanda, utapita forodha nalo, utalipandisha kwenye basi, na utalikabidhi upya. Angalia lebo inayobandikwa kwenye mpini: herufi za kiwanja cha mwisho ndipo begi linapoishia. Zikiwa LHR, begi linaishia Heathrow, hata kama wakala wako alikuhakikishia kwa sauti tamu kwamba litakukuta mbele. Na ndege ya pili ikiwa ya shirika la bei nafuu, kilo zako 46 za kutoka Dar zinaweza kukuta tiketi inayoruhusu begi la mkononi tu. Malipo ya ziada pale kaunta yanaweza kuzidi bei ya tiketi yenyewe. Lipia begi mapema mtandaoni.

Muda nao. Kutoka Heathrow hadi Gatwick ni zaidi ya kilomita 60 kwa barabara, kwa njia ya M25, inayozunguka London na inayojulikana kwa foleni. Basi huchukua saa moja na zaidi mambo yakienda vizuri. Treni ya moja kwa moja haipo. Utaingia kwanza mjini. Ongeza foleni ya uhamiaji, kusubiri begi, kusubiri basi, na kujua kwamba Gatwick ina majengo mawili, Kaskazini na Kusini, yanayounganishwa na kitreni cha bure. Kaunta za mizigo nyingi hufungwa dakika 40 hadi 60 kabla ya kuruka. Mimi humshauri mtu aache saa sita. Wapo wanaoniona mwoga, lakini sijapata barua ya malalamiko kutoka kwa aliyeacha saa sita.

Wala tusidhani ni mambo ya Ulaya. Mwezi uliopita nilizungumza na mama mmoja aliyewapokea wageni KIA, yaani Uwanja wa Kilimanjaro, huku ndege yao ya Serengeti ikiwasubiri kwenye kiwanja cha Arusha, kule Kisongo. Yeye alijua «kiwanja cha Arusha» ni KIA, kama wengi wetu tunavyosema. KIA ni JRO, ipo kati ya Arusha na Moshi. Kisongo ni ARK, na ipo upande wa pili kabisa wa mji, njia ya kwenda Makuyuni. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 50 na kulikatiza jiji zima. Ndege ndogo za mbugani hazina subira, kwa kuwa viwanja vingi vya mbugani havina taa na rubani lazima atue kukiwa na mwanga. Ndege hizo kwa kawaida huruhusu kilo 15 katika begi laini. Sanduku gumu halipenyi kwenye mlango wa mizigo. Wanaoshuka Jomo Kenyatta na kwenda Wilson kupanda ndege ya Maasai Mara au Lamu wanakutana na mambo hayohayo, pamoja na foleni ya Nairobi.

Turudi kwenye tiketi. Kama safari yote imo kwenye namba moja ya uhifadhi, na shirika lenyewe limekuuzia njia inayobadili viwanja, ndege ya kwanza ikichelewa shirika lina wajibu wa kukutafutia njia nyingine ya kukufikisha. Gharama ya basi kati ya viwanja mara nyingi bado ni yako, labda masharti yaseme vinginevyo. Ukiwa na namba mbili za uhifadhi, wewe ndiye uliyeunganisha ndege, na hasara ya kuunganisha ni yako. Shirika la pili litaandika kwamba hukufika, na kwa kawaida litafuta vipande vyote vilivyobaki kwenye tiketi hiyo, hata cha kurudi. Watu wengi hugundua hilo siku ya kurudi.

Kuna hali moja ambayo basi ni mzigo wa shirika. Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, ambayo Uingereza iliibakiza katika sheria zake baada ya kujitoa, inasema shirika likikupeleka kwenye kiwanja kingine cha mji uleule badala ya kile ulichohifadhi, linabeba gharama ya kukuhamisha. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililithibitisha mwaka 2021, katika shauri la abiria wa ndege ya kutoka Vienna aliyepelekwa kiwanja kingine cha Berlin. Lakini kanuni hiyo hulinda safari zinazoanzia Ulaya, au zinazokwenda Ulaya kwa shirika la Ulaya. Ukitoka Dar kwa shirika la Ghuba, haikuhusu kwa safari hiyo.

Mwenye lalamiko afuate utaratibu huu. Andika kwanza kwa shirika. Sisi hatupokei lalamiko ambalo shirika halijapewa nafasi ya kulijibu. Kwa begi, chukua fomu ya taarifa ya mzigo kabla hujatoka kwenye ukumbi wa mizigo, kisha andika ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea kama limeharibika, au ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa kama lilichelewa. Siku hizo ni za Mkataba wa Montreal wa 1999, na hatuwezi kukuongezea hata moja. Fidia ya begi ina ukomo wa SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa) tangu 28 Desemba 2024, na haitolewi bila uthibitisho wa hasara. Haki ya kufungua kesi mahakamani hufa baada ya miaka miwili.

Ambatisha tiketi zote mbili, lebo za mizigo, risiti ya basi, na pasi za kupandia ndege. Picha ya simu inatosha, mradi jina, tarehe na zile herufi tatu za kiwanja zisomeke. Kama ulizuiwa kaunta, omba sababu kwa maandishi siku hiyohiyo, ukiwa bado uwanjani, kwa maana ukiisharudi nyumbani kuipata huchukua wiki nyingi. Na kama tiketi uliuziwa na wakala, leta ujumbe wake aliokuandikia kabla ya kulipa: hapo lalamiko huenda ni dhidi yake, wala si dhidi ya shirika.